Nilinyang'anywa maiki kwa ibada ya shukrani

Wacha nianze na aibu yangu. Desemba iliyopita, Jumapili iliyokuwa karibu na Jamhuri, nilinyang'anywa maiki kanisani. Sio kwa nguvu. Mzee wa kanisa alinishika bega, akatabasamu, akasema, "Amina, amina, tumshukuru Mungu kwa kijana wetu," na maiki ikaenda. Kinanda kikalia. Watu wakapiga makofi. Nikarudi kukaa kando ya mathe, ambaye alikuwa anaangalia Biblia yake ni kama ndio mara ya kwanza kuiona.

Kanisa letu liko Kawangware, jina nitaliweka kwa mfuko. Kila mwaka tunakuwa na ibada ya kushukuru kwa ajili ya taifa. Watoto wanavaa rangi za bendera, tunaimba wimbo wa taifa beti zote tatu (zile mbili za mwisho wengi tunazimumunya tu), halafu maiki inazunguka na kila anayetaka anasema anashukuru kwa nini. Mimi naipenda hiyo ibada, sidanganyi. Siku hiyo wengi walishukuru kwa amani. Mama mmoja alishukuru kwa uhuru wa kuabudu, akasema kuna nchi watu wanaomba wakiwa wamejificha. Ni kweli kabisa.

Ikanifikia. Nikasema namshukuru Mungu kwa Kifungu cha 37 cha Katiba, kinachoturuhusu kukusanyika na kuandamana kwa amani bila silaha. Nikashukuru kwa akina mama wa Freedom Corner. Nikashukuru kwa vijana walioenda tao tarehe 25 Juni 2024 na hawakurudi nyumbani. Hapo ndipo bega likashikwa.

Tukitembea kurudi nyumbani mathe akaniuliza, "Sasa ulikuwa unaleta siasa madhabahuni?"

"Mama, si nilikuwa nashukuru?"

"Shukrani ni ya Mungu. Hiyo ingine ni ya barabarani."

Hiyo sentensi nimeibeba karibu mwaka mzima. Nimezunguka nayo tao nikirekodi vidio zangu, nimepanda nayo mat, na bado nadhani mathe amekosea. Hatukosani naye juu ya kushukuru. Tunakosana juu ya venye kanisa letu linashukuru ni kama hizi uhuru zilianguka kutoka mbinguni usiku tukiwa tumelala.

Angalia kitu kidogo tu. Ukipanda 46 kutoka Kawangware uende tao, mat inateremka Valley Road, na kabla hujafika Uhuru Highway unaona All Saints Cathedral kushoto na Uhuru Park kulia. Hapo wasee wengi tuko kwa simu. Lakini kona ya hiyo paki ndio Freedom Corner. Tarehe 28 Februari 1992, akina mama wazee, wengi wao kutoka mashambani, walikaa hapo wakakataa kula hadi serikali ya Moi iwaachilie watoto wao waliofungwa kwa sababu za kisiasa. Wangari Maathai alikuwa nao. Tarehe 3 Machi polisi wakaja na rungu na machozi. Wangari alipigwa hadi akazirai, akapelekwa hospitali. Wengine kati ya hao mama walivua nguo mbele ya polisi, na kama umelelewa na shosho unajua hiyo sio mchezo, hiyo ni laana.

Sasa walienda wapi baada ya hapo? Walivuka barabara. All Saints ikawafungulia, wakaishi kwenye vyumba vya chini ya kanisa karibu mwaka mzima, wakiendelea kudai watoto wao, na watoto wakaanza kuachiliwa. Hiyo ni historia ya kanisa, buda. Ni urithi wetu kama vile nyimbo za kitabu ni urithi wetu. Na mimi nimelelewa kanisani tangu nikiwa mtoto wa kubebwa mgongoni, nimepitia Sunday school, nimepitia kambi za vijana, na sikuwahi kuisikia hata siku moja. Niliisikia campo, muhula wangu wa mwisho kabla nitoke, kutoka kwa msee tulikuwa tunangoja naye mvua iishe.

Miaka mitano baadaye, 7 Julai 1997, watu walikuwa ndani ya hiyo hiyo All Saints wakidai mabadiliko ya katiba. Polisi wakaingia mpaka ndani, machozi yakarushwa kanisani, na Mchungaji Timothy Njoya wa PCEA akapigwa hadi damu. Mwaka wa 1999 akapigwa tena, nje ya Bunge, kwa kudai katiba hiyo hiyo. Halafu kuna Askofu Alexander Muge wa Eldoret. Waziri mmoja alimwambia hadharani asikanyage Busia, ati akienda hatarudi akiwa hai. Muge akaenda. Alikufa kwa ajali ya barabarani akirudi, 14 Agosti 1990. Hawa ni watu wa madhabahu. Nikisema shukrani ni ya Mungu na hiyo ingine ni ya barabarani, nitawaweka wapi?

Na sio mbali na kwetu. Riruta, dakika chache kutoka tunakokaa, kuna seminari ya Waorthodoksi wa Kiafrika. Kanisa lao lilianzishwa na watu waliokataa kuambiwa na wamishonari venye wataabudu. Hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, mkoloni alifunga makanisa yao na shule zao, na kiongozi wao Arthur Gathuna wa Waithaka akawekwa kizuizini. Kwa hivyo yule mama aliyeshukuru kwamba sisi hatuombi tukijificha, sawa, lakini kuna watu wa Dagoretti walifungiwa kanisa wakiwa bado hai kuona kufuli.

Halafu kuna wale ambao si Wakristo, na hapa ndio shukrani yetu inapata kigugumizi. Ukienda Jeevanjee Gardens saa ya lanchi utapata wahubiri wamesimama, jasho, spika, "Bwana asifiwe!" na watu wa ofisi wamekaa kwa nyasi wakila smoki. Kando yao kuna wazee wanabishana siasa hadi sauti zinapasuka. Hiyo bustani ilitolewa mwaka wa 1906 na A. M. Jeevanjee, Mwislamu wa Bohra aliyezaliwa Karachi. Mwaka wa 1991 kulikuwa na mpango wa kuichimba na kujengwa jengo la maegesho, na mjukuu wake, Zarina Patel, ndiye aliongoza kuipigania. Uhuru Park nayo ingekuwa na jengo la orofa 60 kama Wangari hangesimama mwaka wa 1989. Mhubiri anayeokoa watu Jeevanjee sai anasimama kwa neema ya Mungu, ndio, na pia kwa neema ya familia ya Kiislamu. Sijawahi kusikia akiwataja.

Sasa nikuambie kitu kitakachofanya wengine waniblock. Mwaka wa 2010 makanisa mengi yalipiga kampeni dhidi ya hii Katiba tunayoifurahia. Baraza la makanisa, maaskofu wa Katoliki, wapentekoste, karibu wote walisema La, sababu zikiwa kifungu cha uavyaji mimba na mahakama za kadhi. Hizo mahakama zenyewe zilikuwa ndani ya makubaliano ya 1963 kuhusu pwani, hazikuanza juzi. Kura ilipigwa 4 Agosti, Ndio ikashinda kwa karibu asilimia 67, na tarehe 27 Agosti Katiba ikazinduliwa pale pale Uhuru Park. Mathe alipiga kura ya rangi nyekundu kwa sababu aliambiwa kanisani. Nilimuuliza juzi kama anajuta. Akasema hajuti, alifuata dhamira yake. Na unajua nini? Hiyo dhamira inalindwa na Kifungu cha 32 cha Katiba aliyoikataa. Hakucheka nilipomwambia, lakini alinyamaza muda mrefu akichambua sukuma.

Simlaumu. Ninachoomba ni ukweli kidogo tukishukuru. Unaweza kusema, Bwana, asante kwa kitu tulichokikataa ukatupa kupitia watu wengine. Hiyo nayo ni sala, na nadhani ni nzuri kuliko ile ya kila mwaka.

Najua nitaletewa Warumi 13. Sawa, lakini Warumi iliandikwa na Paulo, na Paulo huyo huyo alichapwa viboko Filipi na kutupwa ndani bila kesi. Asubuhi wakubwa wakatuma watu wamwachilie kimyakimya. Akakataa kutoka. Akasema yeye ni raia wa Roma, amechapwa hadharani bila kuhukumiwa, kwa hivyo waje wenyewe wamtoe. Soma Matendo 16, iko hapo mwishoni. Usiku huo huo alikuwa ameimba na kuomba gerezani. Aliimba, na asubuhi akadai haki yake, na hakuona kama moja inaharibu nyingine.

Kinachoniuma zaidi ni hili neno "shukuru" venye linatumika mtaani. Nilitoka campo mwaka wa pili karo ilipotushinda, na karibu kila aliyekuja kunifariji aliniambia nishukuru. Shukuru uko na afya. Shukuru uko na simu. Nilishukuru, manze, nilishukuru hadi nikakosa nguvu ya kuuliza kwa nini karo ilipanda. Ukimwambia msee ashukuru ili anyamaze, hujamfundisha kushukuru. Beste yangu alikuwa ibadani Jumapili ya 30 Juni 2024, mguu umefungwa bandeji, alipigwa risasi ya mpira siku tano kabla. Mswada wa Fedha ulikuwa umeshaondolewa, tarehe 26. Mhubiri akashukuru kwa sababu "nchi imetulia" na akaomba Mungu awasamehe vijana. Beste yangu alisimama kwa mguu mmoja wakati wa sala ya mwisho kwa sababu ndio desturi. Hajarudi kanisani. Anasema anaomba akiwa kwake, na mimi namwamini, lakini Jumapili namkosa.

Na tukisema siasa isiingie madhabahuni, tuseme kwa wote. Mheshimiwa akija na bahasha anapewa dakika ishirini na kiti cha mbele. Mimi nilipata sekunde arobaini, nimezihesabu kwa vidio. Mnamo Novemba 2024 Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Katoliki Nairobi aliagiza pesa ambazo rais alikuwa ametoa katika kanisa la Soweto, Kayole zirudishwe. Kwa hivyo inawezekana kurudisha bahasha na dunia haiishi.

Wimbo wetu wa taifa wenyewe ni sala, tunaanza kwa kumwita Mungu. Tuni yake ilitoka kwa Wapokomo wa Tana, wimbo wa mama kubembeleza mtoto, na waliokaa chini kuutengeneza mwaka wa 1963 walikuwa na majina: Hyslop, Senoga-Zake, Omondi, Kibukosya, na Kalume ambaye alikuwa mchungaji. Hata sala ya nchi nzima ina watu nyuma yake.

Desemba inakaribia tena. Nilienda kwa yule mzee wa kanisa, nikamwamkia vizuri, nikaomba msamaha kama nilimshtua, na nikaomba nafasi. Amenipa dakika mbili, lakini akasema nimtumie kwanza kwa WhatsApp kile nitasema. Nimemtumia. Nimeanza na vyumba vya chini ya All Saints, nikaweka Muge, nikaweka Zarina Patel, nikaweka 25 Juni. Mathe aliisoma kabla nitume, akarekebisha herufi mbili, na akasema niongeze jina la Gathuna kwa sababu shosho yake alikuwa akienda hilo kanisa likifungwa. Hilo hakuwahi kuniambia.

Nimeliongeza. Tiki zimegeuka bluu tangu jana saa nne usiku. Mzee hajajibu.