Kompyuta na Shairi Gumu

Twasikia walimu wengine wakisema ya kuwa kompyuta humfanya mtoto mvivu wa kusoma. Sisi hatukubali. Uvivu huo hutoka kwa mwalimu.

Tazameni utendi ambao Mwana Kupona alimtungia binti yake mwaka 1858, kwa Kiamu. Katika lahaja hiyo macho ni mato, njia ni ndia, nchi ni nti. Mtoto wa bara husimama kama mgeni mlangoni. Basi mwalimu mvivu huiamuru kompyuta kubadili kila mato kuwa macho, akawagawia watoto karatasi laini. Kumbe chombo hicho hakijui maana, chajua herufi tu. Kisipokatazwa, hata matone hugeuka machone! Na neno hilo likiwa mwisho wa kipande, kina cha mtungaji chavunjika. Huko ni kumtafunia chakula mtoto mwenye meno.

Maneno ya mtungaji yasiguswe. Shairi lipigwe chapa kwa nafasi pana. Mtoto mwenyewe atie rangi neno asilolijua, aiamuru kompyuta kumwonyesha kila mahali lilipo, alinganishe, kisha aandike ubavuni maana anayoikisia. Akikosea, na afute. Kitabu hakichafuki (na mtunza vitabu hagombi). Ndipo afungue kamusi, wala si kabla.

Na shule isiyo na umeme? Kalamu ya risasi na karatasi yenye nafasi pana zaweza karibu yote hayo, ila kule kutafuta.