Chuo Kikuu na Watoto wa Watu

Mzazi ampelekaye mwanawe chuoni humweka mikononi mwa watu asiowajua, naye hulala usingizi kwa kuwaamini. Chuo kikimtoa kijana huyo na kumpeleka ng'ambo, amana ile huwa nzito zaidi. Akiugua huko, akikumbwa na vita, au akianguka na ndege, nani atakayebisha hodi kwa wazazi wake, na atakuwa na habari gani ya kuwapa? Twalizungumza jambo hili leo kwa sababu vijana wetu wanakwenda nje kusoma, na wengi wao ni watoto wa wafanyakazi na wakulima, watu wasio na rafiki katika ofisi za mabalozi.

Liko tukio moja ambalo kila mkuu wa chuo angefaa kulijua. Tarehe 21 Desemba 1988, saa 1 na dakika 3 za usiku, ndege ya kampuni ya Pan Am, safari namba 103, ililipuliwa kwa bomu juu ya mji mdogo wa Lockerbie, huko Uskoti. Ilikuwa imetoka London kwenda New York. Walikufa watu wote 259 waliokuwamo, na wengine 11 waliokuwa chini katika mji ule. Kati ya abiria walikuwamo wanafunzi 35 wa mpango wa masomo ya ng'ambo wa Chuo Kikuu cha Syracuse, Marekani. Walikuwa wamemaliza muhula wao London na Florence, nao wakirudi kwao kwa Krismasi.

Kule Syracuse ilikuwa saa 8 mchana. Orodha ya abiria ilikuwa mikononi mwa kampuni ya ndege, na kampuni ilichukua saa nyingi kuitoa. Wazazi wakakaa kwenye simu wakipiga na kupiga tena, na wako waliopata habari kwa televisheni kabla ya kuambiwa na mtu ye yote. Chuo kilifungua kanisa lake, watu wakakusanyika kusali. Lakini usiku ule ule mchezo wa mpira wa kikapu ulichezwa kama ulivyopangwa, baada ya watu kusimama kimya kwa kitambo kidogo. Wengi walichukizwa, nasi twaona kwamba walikuwa na haki. Maiti wangali wametapakaa mashambani, na filimbi ya mchezo yalia!

Liko jambo lingine linalouma zaidi. Tarehe 5 Desemba mwaka huo mtu asiyejulikana alipiga simu kwa ubalozi wa Marekani mjini Helsinki, akasema kwamba ndege ya Pan Am itokayo Frankfurt kwenda Marekani ingelipuliwa katika muda wa majuma mawili. Onyo lile likapelekwa kwa mabalozi, na huko Moscow likabandikwa ukutani ili watumishi wa ubalozi walisome. Wananchi hawakuambiwa. Baadaye wachunguzi walisema kwamba simu ile ilikuwa ya uongo, na kwamba ililingana na maafa kwa bahati tu. Hata hivyo twauliza: kwa haki gani karani wa ubalozi aambiwe apate kuchagua ndege nyingine, na mwanafunzi mwenye tiketi yake asiambiwe neno?

Wazazi wa marehemu hawakukaa kimya. Walijiunga, wakawasumbua wakubwa wa Washington, na mwaka 1990 sheria ikapitishwa kwamba ndege ya Marekani ikipata maafa nje ya nchi, kampuni iikabidhi serikali orodha ya abiria kwa saa 1 ikiwezekana, na isipite saa 3. Sheria hiyo haikutoka katika huruma ya kampuni. Ilitoka katika umoja wa watu wenye kilio kimoja.

Nao wanawake wa Lockerbie, watu wa kawaida tu, walizifua nguo za marehemu zilizookotwa, wakazipiga pasi, wakazikunja, zikarudishwa kwa wenyewe. Hakuna mkubwa aliyewaamuru. Chuo chenyewe, baada ya siku zile za kwanza, kilijirekebisha kwa namna ya kusifiwa: kila mwaka huwapa msaada wa masomo wanafunzi 35, mmoja kwa ajili ya kila aliyekufa, na hupokea vijana wawili kutoka Lockerbie wapate kusoma huko mwaka mmoja.

Msomaji asidhani haya ni ya Wazungu peke yao. Mwaka 2022, vita vilipozuka Ukraine, wanafunzi wa Kiafrika, na Watanzania wakiwamo, walikwama katika mji wa Sumy hadi Machi, huku mabomu yakilia. Mwaka 2023 vijana wetu wawili waliokwenda Israel kujifunza kilimo waliuawa katika shambulio la tarehe 7 Oktoba, na mwili wa mmoja wao haukurudi mpaka mwaka 2025. Wazazi walingoja muda wote huo.

Wako watakaosema kwamba mwanafunzi ni mtu mzima, ajitunze. Haya, lakini mtu mzima aliyetumwa ana aliyemtuma. Basi kabla kijana hajapanda ndege, yapasa chuo kiwe na karatasi yenye jina lake, ndege yake, nyumba atakayolala, na simu ya wazazi wake, hata kama simu hiyo ni ya duka la jirani kijijini. Na nakala iwe kwa balozi. Yapasa awepo mtu mmoja, ajulikanaye kwa jina, wa kupokea simu usiku wa manane. Onyo likifika kwa mkuu wa chuo, lifike kwa mzazi siku iyo hiyo. Na fedha za kumrudisha mgonjwa, au maiti, zitengwe kabla tiketi haijanunuliwa, zisije zikatafutwa kwa mchango wa majirani msibani.