Mwacheni Bibi Achambue Mboga Zake

Ndugu zangu wa Terrat, na ninyi majirani wa Muriet na Olasiti, nawaandikia kwa ajili ya watu tunaolala nao nyumba moja. Babu ambaye mkono umeanza kutetemeka na hatua zimekuwa fupi. Mama ambaye vidole vinavimba kila asubuhi. Kijana ambaye misuli inamwishia taratibu. Bibi ambaye hakumbuki kama chumvi ameshatia. Magonjwa yao hayarudi nyuma. Dawa, pale zinapopatikana, hutuliza dalili au kupunguza kasi, lakini mwakani hali haitakuwa kama ya mwaka huu. Upo msaada ambao wagonjwa hawa huukataa kabla hawajaujua, na sisi ndugu zao tunachangia waukatae. Ndiyo sababu ya wito huu.

Mgonjwa wa namna hii akifika hospitali yenye huduma za utengamao, anaweza kukutana na wataalamu wawili. Wa kwanza ni wa fiziotherapia, ambaye mtaani tunamwita mtu wa mazoezi. Ananyoosha viungo visikakamae, anaimarisha misuli iliyobaki, anafundisha kuinuka, kugeuka na kutembea bila kuanguka. Wa pili ni mtaalamu wa tiba kwa vitendo. Huyu anaanza kwa kuuliza: katika siku yako, ni kitu gani unataka uendelee kukifanya mwenyewe? Kufunga vifungo vya shati, kwenda chooni usiku, kukamua, kutunga shanga, kushika kitabu cha nyimbo ibadani. Jibu likishapatikana anatafuta njia, ama kwa kubadili namna ya kufanya, ama kwa kifaa, ama kwa kuirekebisha nyumba yenyewe.

Wagonjwa wengi humpenda wa kwanza na kumtilia shaka wa pili. Naelewa kwa nini. Mazoezi yana jasho na maumivu, na mtu akitoka pale anahisi amepambana na ugonjwa. Akipewa kijiko chenye mpini mnene, au akionyeshwa kuvaa shati kwa kutanguliza mkono ulio mgumu, anaona kama ameambiwa vita imekwisha. Wapo wanaoona aibu, mtu mzima mwenye wajukuu kufundishwa kula. Wapo wanaosema wazi kwamba wamekuja kupona, hawakuja kufundishwa kuishi na ugonjwa. Hakuna haja ya kuwakemea. Anayesema hivyo analilia mwili wake, na ana haki.

Lakini kuna mtego hapo. Anayeupima msaada wote kwa idadi ya hatua alizotembea, siku itafika hatua zitapungua hata kama amefanya mazoezi kwa bidii yote. Atajilaumu, au atamlaumu mtaalamu, na mara nyingi ataacha kila kitu. Anayejipima pia kwa yale anayoyafanya bado ana kitu cha kushika. Miguu imedhoofika, ndiyo, ila chai anajimiminia. Mazoezi ayaendeleze, kwa sababu mwili ulioachwa bila kunyooshwa hukakamaa upesi. Ninachoomba ni kwamba tiba kwa vitendo isisubiri siku mazoezi yatakaposhindwa. Zianze pamoja, na mapema, wakati mgonjwa bado ana nguvu ya kujifunza mbinu atakazozihitaji baadaye.

Jirani zetu wa wilaya ya Hai wametuonyesha mengi. Katikati ya miaka ya 2000 watafiti walipita huko nyumba kwa nyumba, kati ya watu wapatao 161,000, wakitafuta wenye ugonjwa wa Parkinson. Waliwapata 33, na zaidi ya robo tatu yao hawakuwahi kuambiwa na daktari yeyote wanaumwa nini. Utafiti mwingine uliochapishwa mwaka 2011 uliwasikiliza wagonjwa na ndugu zao, ambao walikuwa wakiuita ugonjwa wa kutetemeka, na ukaonyesha kwamba hata baadhi ya wahudumu wa afya hawakuufahamu vizuri. Nadhani Terrat hatuko mbali na hali hiyo. Mzee anatetemeka, tunasema ni umri, tunampisha kiti.

Na je, tiba hii inasaidia kweli? Uholanzi, katika utafiti uliotolewa mwaka 2014, wagonjwa 191 wa Parkinson waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilitembelewa nyumbani na wataalamu wa tiba kwa vitendo kwa wiki 10, kila mgonjwa akijichagulia shughuli alizozijali. Hao walijiona wanazimudu shughuli zao vizuri kuliko wenzao ambao hawakutembelewa. Uingereza matokeo yalikuwa tofauti. Mwaka 2016 ilitangazwa kwamba wagonjwa 762, ambao hali zao hazikuwa mbaya sana, waligawanywa makundi mawili, kundi moja likapewa tiba zote mbili kwa miadi michache tu, na hakukuonekana nafuu ya maana. Nikiyaweka matokeo hayo mawili pamoja, naona kwamba mtaalamu anasaidia pale anapofika nyumbani, anaposhughulikia jambo alilolichagua mgonjwa mwenyewe, na anapopewa muda wa kutosha.

Sasa tuje nyumbani kwetu, maana ugumu mkubwa uko hapa, na unatokana na upendo. Mama akishaanza kuishiwa nguvu, wakwe na mabinti wanamzunguka: pumzika mama, tutafanya sisi. Ndoo inaondolewa, sawa. Kisha kisu, kisha ungo, kisha hata kuchambua mboga. Tunaona ni heshima, na majirani wanatusifu kwamba tunamtunza mzazi vizuri. Ndani ya miezi michache mama amekaa ukutani tangu jua linapotoka, vidole vimekakamaa zaidi kwa kukosa kazi, na hakuna anayemuuliza lolote kuhusu nyumba aliyoiendesha maisha yake yote. Sehemu ya alichopoteza haikuchukuliwa na ugonjwa. Tumeichukua sisi.

Mwacheni bibi achambue mboga zake. Akitumia saa nzima kwa fungu moja la mchicha, itumike hiyo saa. Akiwa anasahau, akae na mjukuu, wachambue wote huku wakizungumza. Huko Hai wataalamu wa tiba kwa vitendo wamewahi kuongoza vikundi vya mazungumzo na shughuli kwa wazee wenye ugonjwa wa kusahau. Yapo ya kumzuia, bila shaka. Anayesahau asiachwe peke yake na moto wa kuni, na mwenye mgongo uliokakamaa asibebe ndoo ya lita 20. Ila kabla hatujamwondolea mtu kazi, tumuulize kwanza kama ipo njia nyingine ya kuifanya.

Njia nyingine mara nyingi iko kwa fundi wetu wa mtaani. Choo cha shimo cha kuchuchumaa huwashinda wengi wa wagonjwa hawa, na wengine hupunguza kula na kunywa ili wasiende. Kiti cha mbao chenye tundu, kilichosimama imara juu ya shimo, pamoja na bomba la kushikilia ukutani, ni kazi ya siku moja kwa seremala na mchomeleaji. Mpini wa jembe la palizi ukizungushiwa mpira wa tairi la ndani la baiskeli unashikika na mkono dhaifu. Mafiga yakiinuliwa hadi usawa wa kiti, mama anapika bila kuinama. Kwa mgonjwa wa Parkinson ambaye miguu inaganda mlangoni, mistari iliyochorwa sakafuni humsaidia kuvuka, kwa sababu macho yanaipa miguu mahali pa kukanyaga.

Sisi tunaoishi chini ya Meru tuna jambo letu pia. Miamba ya mlima huu wa volkano inatia floraidi ndani ya maji, na baadhi ya visima na chemchemi zetu hupita mara kadhaa kiwango kinachoruhusiwa cha miligramu 1.5 kwa lita. Meno ya kahawia tumeyazoea, lakini kwa waliokunywa miaka mingi floraidi huingia hadi mifupani, mgongo na magoti yakawa magumu, na hali inaendelea kuzidi kadiri mtu anavyoendelea kuyanywa. Kuchemsha hakuiondoi. Magadi ya kulainishia maharage huongeza. Maji ya mvua yaliyokingwa vizuri yana floraidi kidogo sana, basi tuyatenge kwa kunywa na kupikia, kwa watoto kwanza.

Kwa hiyo naomba haya. Wewe mwenye mgonjwa, ukifika hospitali ya Mount Meru au nyingine yoyote, usitoke na karatasi ya mazoezi pekee. Uliza nani atakayeangalia nyumba yake na shughuli zake za siku. Wakikuelekeza hospitali ya KCMC iliyoko Moshi, ni kama kilomita 80, na pale taaluma zote mbili zinafundishwa. Kwa walioko kitandani, ulizieni huduma ya tiba shufaa ya hospitali ya Selian, inayowafuata wagonjwa majumbani. Wachungaji, mashehe na wazee wa mila, mkiwatembelea wagonjwa waulizeni wangependa kufanya nini, na jibu lao mliseme mbele ya familia. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ambao mpango wao wa taifa ulizinduliwa Januari 2024, waandike ni kaya zipi zina mtu ambaye nguvu zinapungua mwezi hadi mwezi.

Wenyeviti wa mitaa, ajenda hii iingie katika mkutano ujao wa wakazi. Siku ya fiziotherapia duniani ni Septemba 8, na ya tiba kwa vitendo ni Oktoba 27. Kati ya tarehe hizo mbili, kila mtaa wa Terrat uchague kaya tatu, umpeleke fundi mmoja na mbao zake, na kazi ianzie chooni.