Karatasi ya VVU ina tarehe yake

Mwezi uliopita mfanyabiashara wa mchele anayevuka Kobero mara mbili kwa wiki alinionyesha karatasi ya zahanati. Alipima siku ya tisa baada ya kulala bila kondomu na mtu asiyemfahamu huko Ngara. Jibu lilikuwa hasi. "Mwalimu, nimesalimika," alisema, akaikunja mfukoni. Jioni hiyo alikuwa anarudi kwa mkewe Muyinga.

Swali ni je, amesalimika kweli? Ukweli ni kwamba bado hajui.

Kipimo cha haraka kinachotumika katika vituo vyetu vingi hakitafuti virusi vyenyewe. Kinatafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili huwatengeneza baada ya kuvamiwa. Askari hao huchelewa, na kwa kawaida huanza kuonekana kati ya siku ya 23 na ya 90. Katika muda huo, uitwao kipindi cha dirisha, mtu anaweza kupata jibu hasi huku virusi vikiwa vingi katika damu na akiambukiza kwa urahisi zaidi. Hivyo jibu hasi la leo linatueleza hali ya miezi 3 iliyopita. Bwana huyu arudi kupima siku 90 zikitimia, na hadi hapo atumie kondomu, hata nyumbani.

Kosa jingine ni kuchelewa. Angefika kituoni ndani ya saa 72, angeweza kupewa dawa za kuzuia maambukizi kwa siku 28. Siku ya tisa mlango huo umekwisha fungwa.

Jibu chanya la kipimo kimoja nalo si hukumu. Tangu mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri vipimo 3 mfululizo kabla ya kuthibitisha. Na mtu anayemeza ARV kila siku mpaka virusi havionekani tena kwenye kipimo cha damu hamwambukizi mwenzake kwa ngono. Kula naye sahani moja au kusafiri naye katika lori moja hakujawahi kuambukiza.

Sisi tuliosomea kambini Kibondo tulifundishwa kuuogopa UKIMWI. Hatukufundishwa kuhesabu siku. Lakini mfanyabiashara anayekumbuka tarehe ya kila gunia alilokopesha, atashindwaje kukumbuka hii moja?