Anayesoma ni mmoja, wanaolipa ni nyumba nzima

Kila mwaka mwezi wa tano na wa kumi na moja, Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu (NBAA) huendesha mitihani yake. Wanaoingia kwenye vyumba vile si vijana wa vyuo peke yao. Wamo makarani wa hesabu wa halmashauri, watunza fedha wa shule, wasaidizi wa hesabu wa viwandani na madukani. Ni watu wenye ajira, ndoa na watoto, wanaosoma usiku na Jumamosi ili wavuke ngazi ya kati na siku moja waitwe CPA. Leo tuzungumze kuhusu nyumba zao.

Wengi wakitaka kuanza hupiga hesabu ya fedha: usajili, ada ya mtihani, darasa la marudio, vitabu. Hesabu ya muda huisahau. Hebu tuipige.

Mtu anatoka kazini saa kumi na moja jioni, anagombania daladala, anafika nyumbani saa moja. Chakula, madaftari ya watoto, kuoga. Kitabu kinafunguliwa saa tatu usiku. Akijitahidi atapata saa moja na nusu kwa siku 4, na Jumamosi saa 4. Jumla ni saa 10 kwa wiki. Kuanzia katikati ya Novemba hadi mwisho wa Aprili ni kama wiki 24. Toa 4 za sikukuu, misiba, mtoto kuugua na kazi ya kufunga hesabu za mwaka ofisini. Zinabaki wiki 20, yaani saa 200. Ukichukua masomo 2, kila moja lina saa 100. Ukichukua 4, ni saa 50 tu. Heri mawili ya uhakika kuliko manne ya kubahatisha.

Sasa saa hizo zinatoka wapi? Mtu wa hesabu anajua kwamba kinachoingia katika akaunti moja kimetoka katika nyingine. Zile saa za Jumamosi zilikuwa na wenyewe: mtoto aliyezoea kwenda sokoni na baba, mke aliyepata nafasi ya kupumzika, mama mzazi aliyekuwa akitembelewa. Ukizichukua kimyakimya, wenzako wanalipa deni wasilolijua. Ndipo maneno huanza: "Darasa gani hilo lisiloisha?"

Na tuseme ukweli, mzigo haulingani. Baba akisoma, nyumba nzima inaambiwa inyamaze. Mama akisoma, kitabu kinasubiri vyombo viishe. Anafungua ukurasa wa kodi saa tano usiku, anasinzia, kisha matokeo yakitoka tunasema hana akili ya hesabu. Akili anayo. Hakupewa muda.

Kwa hiyo kaeni chini kabla ya kulipa ada, mkubaliane mambo manne.

Kwanza, masomo mangapi kwa mtihani huu. Piga hesabu kama tulivyofanya hapo juu, kwa saa zenu halisi.

Pili, saa zipi, na nani atashika kazi gani katika saa hizo. Msiseme tu "tutasaidiana." Semeni: Jumanne na Alhamisi chakula cha jioni ni cha baba. Watoto wenye kazi za shule waketi meza moja na mzazi anayesoma. Kila mtu na daftari lake.

Tatu, likizo. Mitihani hufanyika mchana, siku za kazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mfanyakazi siku 28 za likizo kwa mwaka. Msizimalize zote Desemba kwa safari ya kijijini kisha Mei mkaanza kumbembeleza bosi. Mwambieni mapema.

Nne, likitokea la kufeli. Kubakiwa na somo ni jambo la kawaida kwa anayesoma huku anafanya kazi. Semeni mapema kama mtarudia, kwa fedha ipi, na kwamba somo lililofeli halitageuzwa kuwa silaha siku mkigombana.

Neno moja kwa msomaji mwenyewe. Uzoefu wa kazini unasaidia, lakini pia unadanganya. Ofisini unaingiza vocha na kulinganisha hesabu za benki. Programu ya kompyuta inamalizia mengine. Mtihani unakutaka uandae taarifa nzima mwenyewe ndani ya saa 3, tena kwa Kiingereza, wakati kutwa nzima unahudumia wateja kwa Kiswahili. Basi usisome tu. Chukua maswali ya miaka iliyopita, weka saa mezani, andika hadi mwisho, ndipo utazame majibu.

Na siku ukifaulu, mshahara ukapanda, mkae tena pamoja. Jina kwenye cheti litakuwa lako peke yako, lakini wale waliokuachia Jumamosi zao nao wana haki ya kuuliza nyongeza hiyo itafanya nini. Waulize wewe kabla hawajakuuliza.

Tukutane wiki ijayo.