Shahidi Alisema Nini? Kiswahili Katika Kesi za Rufaa

Waswahili husema: akili ya kuambiwa, changanya na yako. Sijui kama majaji wa iliyokuwa Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki waliijua methali hii walipoamua, mwaka 1972, kesi ambayo wanasheria wetu wameizoea kwa jina la Okeno, lakini walilolisema haliko mbali nayo. Mtu aliyepatikana na hatia katika kesi ya jinai, akikata rufaa kwa mara ya kwanza, ana haki ya kutarajia ushahidi wote uchunguzwe upya. Jaji hatakiwi kutafuta tu chembe ya ushahidi inayoweza kuubeba uamuzi wa hakimu. Yampasa aupime ushahidi yeye mwenyewe na afikie uamuzi wake mwenyewe, huku akikumbuka kuwa hakimu aliwaona mashahidi na kuwasikia ilhali yeye hakuwaona. Miaka minne kabla ya hapo, katika kesi ya Selle, mahakama iyo hiyo ilikuwa imetoa msimamo unaokaribiana na huo kuhusu kesi za madai.

Kanuni hii ni nzuri, na inarudiwa hadi leo katika hukumu za rufaa za humu nchini. Ninalotaka kulisema katika makala haya ni kwamba kanuni hiyo inachukulia kuwa jaji wa rufaa, ingawa hakumwona shahidi, walau ameyapata maneno yake. Aghalabu hajayapata. Alichopata ni tafsiri.

Tuangalie jinsi kesi inavyopanda. Katika mahakama ya hakimu, mashahidi wengi hutoa ushahidi kwa Kiswahili. Hakimu husikiza kwa Kiswahili na mkono wake huandika kwa Kiingereza. Hakuna anayeiita kazi hiyo tafsiri, wala hakimu hakuajiriwa kuwa mfasiri. Anaifanya papo hapo, mawakili wakisubiri na faili nyingine zikiwa mezani. Anayetaka kukata rufaa ana siku 14 katika kesi ya jinai, na siku 30 katika kesi ya madai. Kumbukumbu zile zilizoandikwa kwa Kiingereza hupigwa chapa, na ndizo zinazokwenda mbele ya jaji. Shahidi haitwi tena, isipokuwa kwa nadra sana.

Nilipokuwa nikitafuta mada ya tasnifu kuhusu mandhari ya mahakama katika tamthilia ya Kiswahili, nilikwenda mara kadhaa kuketi nyuma katika korti moja ya hakimu. Siku moja mzee mmoja alikuwa akitoa ushahidi katika kesi ya shamba. Akasema, "Nilimwachia mpwa wangu shamba nilipokwenda kufanya kazi Mombasa." Baadaye wakili wa upande wa pili aliomba maneno hayo yasomwe, na hakimu akayasoma kutoka katika daftari lake: Kiingereza chake kilisema kwamba mzee alimpa mpwawe shamba. Mzee aliulizwa kama ndivyo alivyosema. Akaitikia, "Naam, nilimwachia."

Msomaji wa jarida hili hahitaji kufunzwa kuwa kitenzi "achia" kina sura zaidi ya moja. Mtu humwachia jirani ufunguo, na marehemu huwaachia wanawe mali. Katika kesi ile, tofauti kati ya sura hizo mbili ndiyo iliyokuwa kesi yenyewe. Sidhani hakimu alikuwa na nia mbaya. Alichagua neno moja kwa sababu mkono hauwezi kuandika mawili.

Mifano ni mingi mno. Shahidi anasema aliibiwa saa mbili usiku. Kalamu ikiteleza, majira ya Kiswahili huandikwa kama majira ya Kizungu, na tukio lililotukia watu wakila chajio linakuwa tukio la usiku wa manane. Katika kesi ambayo swali kubwa ni kama mlalamishi aliweza kumtambua mshambulizi wake, jambo hilo si dogo. Au shahidi anasema tu, "Alinipiga akakimbia." Kiswahili hakikumlazimisha aseme kama ni mwanamume au mwanamke. Kiingereza kinamlazimisha mwandishi achague, na jaji akisoma huona kwamba shahidi tangu mwanzo alijua anamshtaki mwanamume. "Ndugu" je? "Mkono" je, ambao fomu ya daktari inataka ujulikane kama ni kiganja au ni mkono mzima? Hitilafu ndogo kama hizi ndizo wakili wa rufaa huziita mgongano wa ushahidi, na watu wameachiliwa au wamebaki gerezani kwa mgongano wa ushahidi.

Kuna mahali ambapo mahakama zenyewe zimeonyesha kuwa zinaweza kufanya vingine. Watoto waliodhulumiwa kimapenzi, kwa haya na kwa malezi, hutumia tafsida. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa ilikiri kuwa mahakama zetu zimekubali kauli kama "alinifanyia tabia mbaya" kuwa ushahidi unaoeleweka. Tafsida tunafunzwa tangu shule ya upili kama pambo la lugha. Hapa ilikuwa ndiyo njia ya pekee ya mtoto kusema lililompata. Majaji waliweza kuipima kwa sababu kauli hiyo ilifika mbele yao ikiwa ya Kiswahili. Ingefika ikiwa imegeuzwa neno kwa neno, ingeonekana kama mtoto analalamikia utovu wa adabu.

Vivyo hivyo kuhusu kukiri mashtaka. Uamuzi wa kesi ya Adan wa mwaka 1973 ulielekeza kwamba mashtaka yaelezwe kwa lugha anayoielewa mshtakiwa, na jibu lake liandikwe kwa maneno yake mwenyewe. Sababu ni bayana: anayekiri kosa hawezi kwa kawaida kukata rufaa dhidi ya hatia, ila dhidi ya adhabu tu. Ikiwa sheria inaona maneno ya mshtakiwa ni ya thamani hivyo anapojibu mashtaka, kwa nini thamani hiyo itoweke shahidi wa kwanza anapopanda kizimbani?

Uzito wa suala hili unaonekana zaidi ukitazama ngazi za juu. Katika kesi ya jinai, rufaa ya pili husikizwa na Mahakama ya Rufaa kwa hoja za kisheria tu, kwa mujibu wa kifungu cha 361 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai. Kesi za madai nazo zina mpaka kama huo. Mahakama ya Juu hupokea masuala ya Katiba au yale yenye uzito kwa umma wote. Kama mzee aliacha shamba au alilitoa ni suala la ukweli wa mambo. Kwa hiyo rufaa ya kwanza, ambayo kwa kesi ya ardhi siku hizi husikizwa na Mahakama ya Mazingira na Ardhi, ndiyo nafasi yake ya mwisho ya kusahihishiwa neno moja.

Nimewahi kujibiwa kuwa hakimu hana muda, na kwamba si kila shahidi anazungumza Kiswahili. Ni kweli. Ushahidi wa Kipokomo hufika katika daftari baada ya kuvuka mito miwili. Lakini siombi kila kitu kigeuzwe kesho. Naomba kwanza kwamba pale ambapo kesi inasimama juu ya neno, neno hilo liandikwe lilivyotamkwa. Pili, sheria zinazosema lugha ya Mahakama Kuu ni Kiingereza zisomwe pamoja na Ibara ya 7 ya Katiba ya 2010, inayokitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi, kisha zirekebishwe. Tanzania ilibadilisha sheria yake mwaka 2021 na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama.

Na sisi je? Mimi ni mtu wa fasihi na najua ninalima shamba la wenzangu wa isimu. Hata hivyo, ukalimani niliofundishwa ulikuwa wa mikutano ya kimataifa; sikumbuki hata siku moja tulipotumwa korti ya hakimu kusikiza. Tumebishana katika semina kama istilahi sahihi ni rufaa au rufani, na mjadala ukatumaliza saa nzima.

Kesi ya yule mzee sikujua iliishaje. Nilipotoka alasiri ile alikuwa ameketi kwenye benchi nje ya korti, akimweleza mwanawe kwamba ushahidi wake umekwenda vizuri, na kwamba hakimu ameandika kila kitu.