Hisa za simu za setilaiti: Anayeuza mali ya kukopa hana kikomo cha hasara

Mfanyabiashara wa mahindi mjini Busia anayeamini kwamba bei itashuka mavuno mapya yakiingia anaweza kufanya hesabu moja ya ajabu. Anakopa magunia 100 kwa jirani mwenye ghala na kuyauza leo kwa Sh4,000 kila moja, hivyo anapata Sh400,000. Bei ikishuka hadi Sh2,800, ananunua magunia mengine 100 kwa Sh280,000, anamrudishia jirani mali yake pamoja na malipo kidogo ya kumshukuru, na kubaki na kiasi kisichofika Sh120,000. Deni lake ni la magunia, si la fedha.

Hivyo ndivyo inavyofanyika New York kwa hisa. Mwekezaji anayeona kampuni fulani haina thamani inayotajwa sokoni hukopa hisa zake kupitia dalali, huziuza, kisha husubiri bei ianguke ili anunue na kurudisha. Nchini Kenya, kanuni za kukopeshana dhamana na kuuza hisa za kukopa zilitolewa mwaka 2017. Isitoshe, siku hizi zipo programu za simu zinazomwezesha mtu aliye Namanga au Mutukula kucheza na bei za hisa za Marekani, zikiwemo zinazoshuka. Ndiyo maana mjadala wa muda mrefu kuhusu kampuni za simu za setilaiti unamhusu pia mwenye duka mpakani.

Biashara ya simu za setilaiti imezika fedha nyingi. Iridium, iliyoanzishwa na Motorola, ilifungua huduma Novemba 1998 baada ya kutumia takriban dola bilioni 5 kurusha setilaiti zake 66. Simu yenyewe iliuzwa karibu dola 3,000. Wateja hawakujitokeza, na Agosti 1999 kampuni iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai. Mshindani wake, Globalstar, alifuata njia hiyo hiyo Februari 2002.

Kwa historia hiyo, hoja ya wanaouza hisa za kukopa ni rahisi kueleweka. Setilaiti hugharimu fedha nyingi kabla ya mteja wa kwanza kupiga simu. Zikichakaa, lazima zirushwe nyingine. Wakati huo huo minara ya simu za kawaida inasogea vijijini na kumega soko.

Oktoba 2014 kampuni ya uwekezaji ya Kerrisdale Capital ya New York ilitangaza hadharani kwamba imeuza hisa za kukopa za Globalstar na kwamba hisa hizo hazina thamani yoyote. Wakati huo zilikuwa zikiuzwa kwa zaidi ya dola 3. Matumaini ya walionunua yalikuwa kwenye masafa ya redio ambayo Globalstar iliyamiliki, yakitarajiwa kutumika kwa intaneti ya ardhini. Wauzaji walisema masafa hayo hayana faida inayodaiwa, na kwamba madeni ya kampuni ni mazito. Wanunuzi walijibu kwamba masafa ni kama ardhi ya mjini: hayaongezeki, na siku moja atatokea mwenye shida nayo.

Nani alishinda? Jibu linategemea siku ya kufunga hesabu.

Bei ilianguka mara baada ya tangazo lile. Desemba 2016 Tume ya Mawasiliano ya Marekani, FCC, iliruhusu matumizi ya ardhini, lakini kwa kiwango kidogo kuliko kampuni ilivyoomba mwanzoni. Kufikia mwaka 2020 hisa moja ilikuwa chini ya nusu dola. Aliyeuza kwa dola 3 na kuvumilia miaka sita alivuna vizuri.

Lakini mchukulie aliyesikia hoja ile ile mwaka 2020 na kuuza kwa senti 40, akiamini kampuni iko kitandani inakata roho. Mwanzoni mwa 2021 bei ilivuka dola moja. Kwa kila senti 40 alizopokea, alihitaji zaidi ya dola nzima kurudisha hisa aliyokopa. Kampuni ilikuwa ile ile na hoja ile ile. Kilichobadilika ni bei aliyoingilia.

Kisha akaja mwenye shida ya masafa. Septemba 2022 Apple ilitangaza kwamba simu zake za iPhone 14 zingeweza kutuma ujumbe wa dharura kupitia setilaiti za Globalstar, ambayo ilitenga asilimia 85 ya uwezo wa mtandao wake kwa huduma hiyo. Novemba 2024 Apple ilikubali kutoa hadi dola bilioni 1.1 kama malipo ya awali ya kujenga mtandao mpya, na dola milioni 400 kununua asilimia 20 ya umiliki wa kampuni inayoshikilia mtandao huo. Kampuni iliyoitwa maiti ikapata mfadhili tajiri kuliko wote.

Hata hivyo, aliyenunua kwa dola 3 mwaka 2014 na kung'ang'ania alikuwa bado kwenye hasara miaka kumi baadaye. Ili kuishi, Globalstar iliendelea kutoa hisa mpya na kukopa. Ni sawa na watu watatu wanaomiliki lori kisha wanaingiza wengine watatu ili kulipia matengenezo: lori linaendelea kwenda Kigali, lakini fungu la kila mmoja limepungua. Kwa hiyo wanunuzi walikuwa sahihi kwamba kampuni ingeishi, na wauzaji walikuwa sahihi kwamba bei ile ilikuwa kubwa mno.

Mjadala huo sasa umehamia kwa kampuni mpya zinazotaka kuunganisha setilaiti moja kwa moja na simu za kawaida. AST SpaceMobile, ambayo Vodafone ni miongoni mwa wawekezaji wake, ilikuwa na hisa ya chini ya dola 3 Aprili 2024. Haikuwa na mapato ya maana, na wengi waliiuza kwa kukopa. Mikataba na AT&T na Verizon ilipotangazwa, bei ilipaa, na Agosti mwaka huo ilipita dola 25. Aliyeuza kwa dola 3 alidaiwa kitu kilichopanda zaidi ya mara nane.

Hapo ndipo penye tofauti kubwa. Anayenunua hisa kwa dola 3 hawezi kupoteza zaidi ya dola 3. Anayeuza ya kukopa anaweza kupoteza mara kumi ya alichopokea, kwa kuwa bei haina dari. Tena hasubiriwi: bei ikipanda, dalali hudai dhamana zaidi, na asipoleta, dalali hununua hisa kwa bei yoyote na kumwachia bili. Wengi wakilazimika kununua kwa pamoja, wao wenyewe ndio wanaoipandisha bei, kama ilivyotokea kwa hisa za GameStop Januari 2021.

Wafanyabiashara wa mpakani wanaijua hali hii kwa jina jingine. Machi 2021 Kenya ilizuia ghafla mahindi kutoka Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu. Barua moja ya ofisini iligeuza hesabu za watu waliokuwa wamepima mavuno, mvua na nauli kwa usahihi. Katika simu za setilaiti, barua ya namna hiyo huweza kutoka FCC, au kwa tajiri mmoja anayehitaji masafa.

Kwa hiyo anayeshawishiwa na programu ya simu auze hisa za namna hii anapaswa kujiuliza mambo matatu kabla ya kugusa mtaji wa duka. Bei ikipanda maradufu kesho, dhamana itatoka wapi? Ni tangazo gani moja linaloweza kuharibu hoja yake yote? Na ada ya kukopa hisa, ambayo hulipwa kila siku, ataimudu kwa miaka mingapi?

Mteja wa huduma ana hesabu nyingine. Iridium ilipofilisika, setilaiti zake zilinusurika kuangushwa; wawekezaji wapya walizinunua kwa dola milioni 25, na jeshi la Marekani likaingia mkataba wa kuzitumia. Wenye hisa wa awali walipoteza fedha zao, lakini simu ziliendelea kuita. Dereva anayepita mahali pasipo na mnara anahitaji tu kujua kama simu yake itashika na dakika moja ni bei gani.